Mawe Juu ya Bati

Kaka yangu Kashindye alipiga simu kutoka Kigoma
usiku, sauti imemkauka:
"Sahani zimecheza kabatini. Mbwa wote wamenyamaza.
Wewe huko Tabora, umejiandaa?"

Nikacheka. Tabora!
Huku kinachotetemeka ni reli tu,
treni ya mizigo ikipita saa nane za usiku,
na vikombe vyangu vinaijua, havishtuki.

Lakini usingizi haukurudi.
Nikalala chali, nikahesabu vilivyo juu yangu:
pau kumi na moja, mabati kumi na manane,
na juu ya mabati, mawe.
Mawe ishirini na matatu
niliyoyapandisha kwa mikono hii
mwaka ule upepo ulipong'oa paa la jiko.
Miaka sita nimelala chini ya mawe
nikiyaita usalama.

Asubuhi nikaegesha ngazi.
Mama Nyamizi, mkono kiunoni, ng'ambo ya ua:
"Mwalimu, nyumba unaivua kofia?"
Nikamweleza. Alicheka hadi akajifunga khanga upya.
"Tetemeko? Isevya hii? Labda la tumbo."
Nikaendelea kuteremsha, moja moja,
nimeyakumbatia kama vichanga.

Kabati nikalifunga ukutani
kwa katani ya marobota ya tumbaku.
Ndoo ya asali nikaishusha sakafuni,
siafu wakaipata kabla ya tetemeko.
Na ule ufa, wahenga walisema tuuzibe,
nikamwita fundi Mihayo auzibe.
Akagonga ukuta kwa kiganja, akategea sikio
kama anayepima kifua cha mgonjwa.
"Hauna mkanda, mwalimu. Hauna hata nondo moja.
Nyumba hii imesimama kwa mazoea."
Akanitajia bei ya mkanda.
Tukazungumza habari za mvua.

Shuleni nikawafundisha Darasa la Tatu:
ardhi ikicheza, ingia chini ya dawati,
kinga kichwa, shika mguu wa dawati, hesabu.
Nikapuliza filimbi.
Madawati ishirini na mawili.
Watoto tisini na wanne.
Waliowahi walijisokota humo, magoti videvuni,
viatu vya mwingine mdomoni.
Waliobaki walisimama katikati ya darasa
wakinitazama.
Milembe, asiyeuliza kamwe, akauliza:
"Mwalimu, sisi wa sakafuni
tuingie chini ya nini?"

Nilitazama chaki mkononi.
Kisha nikaenda kuufungua mlango, mbawa zote mbili,
nikang'oa na komeo, nikalitia mfukoni.
"Nyinyi mlio karibu, kimbieni nje, uwanjani.
Chini ya mbingu."
Ndilo jibu nililokuwa nalo. Bado ndilo nililonalo.
Mwalimu Mkuu ameshaniandikia barua mbili
kuhusu komeo la serikali.

Mvua za kwanza zikaja, na upepo wake.
Ukabandua mabati mawili ya ubavuni
ukayalaza kwa Mama Nyamizi, juu ya miche ya mahindi.
Aliyarudisha mwenyewe, kichwani, amelowa,
safari hii hakucheka sana.
"Tetemeko lako lina mabawa," alisema,
akanishikia ngazi
nami nikapigilia misumari, kilo moja na nusu,
hadi giza likanificha kidole, nikakigonga.

Mawe nimeyapeleka shuleni kwa toroli.
Wale wa sakafuni huyakalia uwanjani siku za jua.
Moja amelibakiza Mama Nyamizi, la kupondea karanga.
Mkanda wa zege bado sina. Naweka akiba,
kidogo, pale karo na dawa zinapoacha.

Saa nane treni hupita.
Vikombe vinalia, vimefungwa kwa kitambaa.
Mkono wangu tayari uko kwenye kitasa.
Nahesabu, moja, mbili, tatu, nne,
mpaka behewa la mwisho.

Mpaka leo ni treni.